Nahodha wa Delta na Njia ya Kwenda Kua

Njia ya Wainka kule Peru ina urefu wa kilomita 43 hivi, na watembezi wengi huimaliza kwa siku nne. Wenyewe waliitandika mawe zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mawe hayo ndiyo yanayomwongoza mgeni mpaka Machu Picchu. Sisi nasi tunayo safari ya siku kadhaa ya kufuata miji iliyohamwa. Inaanzia Kibiti, inapita katikati ya mikoko ya Rufiji, inavuka mlango wa Mafia na kuishia kwenye magofu ya Kua. Tofauti ni kwamba njia yetu ni maji. Hufunguka na kufungwa mara mbili kwa siku, na anayeijua ni nahodha.

Msafiri huiacha barabara kuu ya kwenda Lindi, akashika ya Nyamisati. Mwenye haraka atapanda kivuko cha MV Kilindoni na kufika Mafia siku hiyohiyo. Anayetaka kuona ustadi hutafuta mashua ya wenyeji, inayobeba mchele, dagaa na watu, ikilala leo Salale, kesho Mbwera, kwa kadiri maji yanavyoruhusu. Mashua nyingi siku hizi zina mashine nyuma. Lakini mashine haijui fungu limehamia wapi tangu masika yaliyopita.

Ukimsalimu nahodha ukamuuliza mtaondoka saa ngapi, huenda asikutajie saa. Atauliza waliokaa karibu: leo mwezi ngapi? Anataka tarehe ya mwezi wa kuandama, kwa sababu ndiyo ratiba yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji ni mafu, na saa nne iliyokuwa ya kupwa sasa ni ya kujaa. Sisi wengine husema maji yakijaa hupwa ili kumfariji mwenye shida. Yeye hulisema hilo akipanga safari.

Hesabu hiyo ni ya mwambao tu. Ndani ya delta iko nyingine juu yake. Maji ya bahari huchukua muda kupanda mkondo, kwa hiyo kijiji cha ndani hujaa nyuma ya kijiji cha mlangoni. Wakati wa masika mto nao hushuka na nguvu zake, maji ya kujaa yakawa mafupi na ya kupwa yakawa marefu. Nahodha hupanga kutoka na maji yanayopwa ili yamvute hadi mlangoni, lakini asichelewe, maana akipwelewa juu ya tope atakaa hapo saa sita akiwa na abiria, jua na mbu. Yote haya anayapiga kichwani huku akifunga kamba na kuamua gunia la nani likae wapi.

Mashua ikishaingia mkondoni, utaona kwamba macho yake hayakai sana kwenye maji. Anatazama miti. Delta hii ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000, na kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukikabili bahari. Mkoko wenye mizizi ya kujikunja huzifuata kingo za mikondo. Mkandaa hupendelea nyuma, panapofikiwa na maji mara chache, na msikundazi humwambia kwamba maji baridi ya mto hayako mbali. Kwa kuusoma ukingo hivyo, nahodha hujua wapi pana kina na wapi tope limeanza kuota msitu mpya. Miche michanga ya mlilana ikichipua mahali palipokuwa wazi mwaka jana, ameshapata habari: hapa fungu linakua, tupite upande wa pili.

Panapotia shaka, kijana wa mbele huchukua upondo. Kuusukuma mti ndani ya maji ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye nguvu huiweza. Ustadi uko kwenye kiganja, kwa kuwa ncha ya upondo ikigusa mchanga hugonga, ikigusa tope huzama na kung'ang'ania, na ikigusa kisiki hutetemeka. Kijana hutamka kina bila kugeuka, nahodha naye huzungusha usukani kidogo bila kujibu. Wakielewana vizuri, abiria hawatambui kwamba kuna jambo lililokuwa linaamuliwa.

Mikondo hii iliwahi kuwashinda wenye mizinga. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha ndani ya delta. Waingereza walizuia milango kwa miezi mingi lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Iliwabidi wamtumie mwindaji wa tembo, Pieter Pretorius, aliyepita mikondoni kwa mtumbwi akiwa na wenyeji, akipima kina kwa mti na kuhesabu kujaa na kupwa. Manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ndizo zilizoingia Julai 1915, na tarehe 11 mwezi huo Königsberg ikafikia mwisho wake. Jeshi la maji lenye nguvu kuliko yote duniani lililazimika kujifunza kazi ya upondo.

Kuvuka mlango wa Mafia kunataka elimu nyingine. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, nahodha mwenye akili hangoji jua lipande. Hutoka alfajiri na upepo wa umande unaovuma kutoka nchi kavu, akavuka kabla bahari haijachafuka. Mbele yake ni Ras Kisimani, uliposimama mji wa Kisimani Mafia. Sehemu kubwa ya mji huo imeshamezwa na bahari. Waliojenga hapo walichagua mahali panapotazamana na milango ya Rufiji, na chaguo hilo peke yake linaeleza biashara yao.

Kua, kwenye kisiwa cha Juani, bado inasimama: misikiti, makaburi, na jumba la ghorofa, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa, katikati ya mibuyu. Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji mwanzoni mwa karne ya 19, na haukuinuka tena. Ukiingia ndani ya majengo ya aina hii, hapa au Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, tazama upana wa vyumba. Ni vyembamba, kwa kawaida havivuki mita tatu hivi, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Aliyeamua upana ni mti wa mkoko, kwa kuwa boriti ndiyo iliyobeba dari la mawe, na boriti ina urefu wake. Miti hiyo Rufiji imeiuza kwa karne nyingi, ikihesabiwa kwa korja, mpaka Uarabuni na Ghuba. Kila boriti ilitoka msituni juu ya maji yanayojaa, ikiongozwa na mtu aliyejua mwezi ni ngapi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuta zake zina wa kuzitengeneza. Elimu iliyozilisha kuta hizo haina orodha. Wala haikai mahali pamoja: mafuriko ya miaka ya 1970 yalihamishia maji mengi ya mto kwenye mikondo ya kaskazini, mafuriko ya Aprili 2024 yakaizamisha tena Rufiji na Kibiti, na sasa bwawa la Julius Nyerere limeshika maji huko juu. Kila badiliko humtaka nahodha ajifunze upya, na ajifunzaye upya lazima awe alishajifunza kwanza kwa mwingine.

Kwa hiyo wilaya na vyuo vyetu viandike ratiba ya maji, majina ya mafungu na njia za kila mlango kabla wazee hawajaondoka nazo. Nawe msafiri, ukifika Nyamisati, uliza mwezi kabla ya kuuliza nauli. Kisha mlipe nahodha kama unavyomlipa fundi, kwa sababu ni fundi.