Tano mbili na kitita cha dola 575,700

Katika High Stakes Poker, kipindi cha televisheni kilichorekodiwa Las Vegas, Gus Hansen wa Denmark alipandisha dau hadi dola 2,100 akiwa na tano mbili mkononi. Daniel Negreanu wa Kanada, mwenye sita mbili, akapandisha hadi 5,000. Hansen akaongeza 2,900 na kubaki mchezoni.

Hizo 2,900 ndizo za kuchunguza. Jozi ndogo hupata karata ya tatu ya aina yake, yaani seti, katika karata tatu za kwanza za mezani takriban mara 1 kati ya 8.5. Mara nyingine zote, ada hiyo imekwenda, na anayeng'ang'ania tano zake mbele ya karata kubwa huongeza hasara. Mara ile moja ni lazima ilipie zote. Ndiyo maana wazoefu hutaka mpinzani awe na angalau mara 15 ya gharama ya kuendelea, kwani hata ukipata seti, si kila mtu atakulipa. Hansen alibakiwa na zaidi ya 280,000, na Negreanu alikuwa na za kumlipa.

Mezani zikatoka 9, 6, 5. Wote wawili wana seti, na Hansen yuko nyuma bila kujua: katika pakiti nzima, ni tano ya mwisho tu iliyoweza kumpa ushindi. Akapita, Negreanu akaweka 8,000, yeye akapandisha hadi 26,000, akafuatwa. Karata ya nne ikawa hiyo hiyo tano.

Watu huikumbuka tano hiyo. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Kitita kilikuwa 63,700, Hansen akaweka 24,000 tu, dau la mtu mwenye wasiwasi, akafuatwa. Karata ya tano ilikuwa 8, naye, akiwa na tano zote nne, akapita! Negreanu alishika sita tatu na tano mbili, mkono unaoshindwa na jozi tatu tu: tisa, nane na tano. Akaweka 65,000. Hansen akasukuma zote, 232,000, na Negreanu, baada ya kufikiri sana, akalipa.

Mahesabu ya zile 2,900 za mwanzo yanategemea kina cha fedha. Negreanu angebakiwa na dola 20,000 tu baada ya kupandisha, hata mara saba ya zile 2,900 zisingefika, na tano hizo zilistahili kutupwa papo hapo.