Kasi, Mwitikio na Dawa: Istilahi Tatu za Michezo

Maandishi ya michezo yanayofasiriwa siku hizi aghalabu humwahidi mchezaji kwamba "ataongeza kasi" kwa mazoezi na kwa "dawa za nguvu". Hapa tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hizo zinapotosha, na kwamba madhara yake hayaishii katika karatasi.

Tuanze na kasi. Baina ya mlio wa bastola na hatua ya kwanza ya mkimbiaji hupita kitambo kifupi. Kitambo hicho si kasi bali ni muda. Kanuni za riadha za kimataifa humhesabu anayeondoka kabla ya sekunde 0.100 kuwa ametangulia mlio. Wafasiri wengine huandika "muda wa mmenyuko". Lakini mmenyuko ni istilahi ya kemia, na mtu hamenyuki, huitika. Kwa hiyo tunapendelea muda wa mwitikio. Aidha, muda huu hupunguzwa. Anayeandika "kuongeza muda wa mwitikio" anaagiza mchezaji azubae. Mwalimu wa Bariadi anayewaandaa wanafunzi kwa UMITASHUMTA akisoma "kasi", atawakimbiza uwanja mzima; akisoma "kupunguza muda wa mwitikio", atawafundisha kuondoka kwa filimbi na kudaka mpira uliorushwa ghafla.

Neno "dawa" lina hatari zaidi. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, umo katika Usukuma, ambako mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamefungamana tangu zamani na dawa za kuwashinda wapinzani na kuvuta watazamaji. Msomaji wa huko akiahidiwa "dawa ya wepesi", hataelewa jambo dogo. Kumbe kinachotajwa huenda ni kafeini tu, iliyomo katika chai na kahawa, ambayo hupunguza muda wa mwitikio kidogo, wala haishiki nafasi ya usingizi na mazoezi. "Virutubisho" nalo halitoshi, maana hata ugali na maharage vina virutubisho. Tunapendekeza nyongeza ya lishe.

Kadhalika, "dawa za kusisimua misuli" limeenea magazetini, ilhali baadhi ya vitu vinavyokatazwa huongeza chembe nyekundu za damu, wala havisisimui msuli wowote. Vitu vilivyopigwa marufuku michezoni ni maneno marefu, lakini ni ya kweli. Kafeini yenyewe iliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2004.

Watumishi wa serikali nao wanahusika. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula umekuwa chini ya TBS, na wa dawa chini ya TMDA. Waraka unaoiita nyongeza ya lishe "dawa" waweza kumpeleka mwananchi mlango usiohusika. Na mwanafunzi anayemeza kidonge asichokijua, akidhani vyote ni "dawa za nguvu", aweza kupoteza afya na haki ya kushindana.

Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na wenye maneno bora zaidi wayalete yajadiliwe.