Keratini Saluni: Hesabu ya Kiti na Hesabu ya Hewa

Muuza dawa za nywele akiingia saluni na chupa ya keratini, husifu mambo mawili: nywele zitakaa zimenyooka kwa miezi kadhaa, na mteja atalipa vizuri. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Hata hivyo, mwenye saluni asikubali kabla hajapiga hesabu ya kiti na ya hewa kwa pamoja.

Tuanze na kiti. Tuchukue mfano wa saluni yenye viti vitatu. Keratini inatozwa shilingi 120,000, dawa ya kichwa kimoja inagharimu 35,000, na kazi inachukua saa tatu. Inabaki 85,000, kama 28,000 kwa saa. Kuosha, stimu na kuseti kunabakiza 15,000 kwa saa. Hapa keratini imeshinda, na wengi huishia hapa.

Sasa hewa. Mwaka 2010, mjini Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, wasusi waliotumia dawa ya keratini iitwayo Brazilian Blowout walilalamika kuwashwa macho, kutokwa damu puani na kupumua kwa shida. Chupa iliandikwa kwamba haina formaldehaidi. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo hilo ikapima dawa yenyewe, ikakuta wastani wa zaidi ya asilimia 8. Formaldehaidi ikichanganyika na maji hugeuka methylene glycol, ambayo haina ukali uleule wa gesi. Lakini dawa ikishapakwa na kukaushwa kwa draya, hupitishwa pasi ya nywele yenye joto la nyuzi 230 hivi. Joto hilo huirudisha kuwa gesi ya formaldehaidi, na msusi aliyeinama juu ya kichwa cha mteja ndiye anayeivuta kwanza. Formaldehaidi ndiyo iliyomo kwenye formalini ya kuhifadhia maiti mochwari. Tangu 2004, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mteja huivuta mara chache kwa mwaka. Msusi huivuta kila kazi inapoingia. Kiyoyozi cha ukutani hakisaidii, maana kinapoza na kuzungusha hewa ileile ya chumbani. Inatakiwa feni ya kutoa hewa nje, na wateja wengine wasikae jirani.

Basi turudie hesabu. Viti viwili vikikaa vitupu kwa saa tatu, keratini imekula saa tisa za viti. Ile 85,000 inakuwa kama 9,400 kwa saa ya kiti, chini ya 15,000 ya kuosha na kuseti. Jumamosi saluni ikijaa, unapata hasara. Jumanne pakiwa patupu pesa inaonekana, ila anayeilipia ni msusi kwa mapafu yake.

Anayetaka kuendelea amwombe muuzaji orodha kamili ya viambato, na kwa Tanzania aulize usajili wa TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi. Chupa isiyo na orodha irudi ilikotoka.

Uamuzi wangu ni huu: saluni ya chumba kimoja, isiyo na njia ya kutoa hewa nje, isiongeze dawa yoyote inayotoa gesi hii. Fedha ambayo ingenunua dawa hiyo inunue mashine ya pili ya stimu.