Gurudumu la Aliye Mbele
Kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, inayopita Budondo, baiskeli nyeusi ya chuma bado hubeba matoke, makaa na madumu ya maji. Mashariki ya Uganda haijawahi kukosa miguu. Boda boda yenyewe ilianzia mpakani Busia kwa baiskeli. Ndiyo maana kijana wa huku anayejiunga na kundi la mazoezi ili ashindane hudhani nusu ya kazi ameshaimaliza. Kumbe nguvu aliyokuja nayo haimfai sana mpaka ajifunze kukaa karibu na mwenzake, na mafunzo hayo ndiyo ninayoyasifu.

Ushahidi uko kwenye upepo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuupasua upepo hufika mara nane. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa robo ya nguvu zake au zaidi, ila sharti gurudumu lake la mbele liwe kama nusu mita tu kutoka lile la nyuma la mwenzake. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mwanagenzi hulikodolea macho tairi. Mzoefu hutazama mabega na kiuno cha aliye mbele, na barabara inayokuja. Mwanagenzi hukamata breki. Mzoefu hulegeza pedali kidogo, maana breki iliyoguswa na wa pili humfikia wa kumi ikiwa ajali. Hata kuinuka kwenye tandiko kuna adabu yake. Anayeinuka ghafla huirudisha baiskeli nyuma kidogo, magurudumu yakagusana, na anayeanguka ni wa nyuma asiye na kosa. Kwa hiyo mzoefu hukanyaga kwa nguvu kwanza, ndipo akainuka. Ni nadra mchezo kumdai mgeni amjali kiasi hiki mtu asiyemwona.

Wapo wanaosema kujikinga nyuma ya wenzako ni uvivu. Lakini kila mmoja huja mbele kwa zamu, akavuta kundi, kisha akateleza pembeni na kurudi mkiani. Aliye dhaifu huvuta kwa sekunde chache, wala hakuna aibu. Anayelivunja kundi ni yule anayefika mbele akaongeza mwendo ili aonekane. Suala la bei ni zito zaidi, kwani baiskeli ya mashindano ni ghali kupita uwezo wa wengi. Hata hivyo ukaribu hujifunzwa hata kwa baiskeli ya chuma, mradi nafasi iongezwe kwa kuwa breki zake hukawia. Timu ya Rwanda, iliyoanza kujengwa mwaka 2007 chini ya kocha Jonathan Boyer, iliwapata baadhi ya vijana wake miongoni mwa wabeba abiria wa baiskeli, na mwaka 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli. Kuhusu hatari ya barabarani, hasa malori ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kakira, ufundi peke yake hautoshi: kundi litoke alfajiri, lipange mstari mmoja, na kila shimo lionyeshwe kwa kidole mpaka kwa wa mwisho.

Pingamizi la mwisho ni mlima. Kutoka Mbale kupanda Sipi mwendo hushuka, upepo hauna uzito tena, na mwenye miguu humwacha asiye nayo. Ni kweli. Ila aliyetoka Jinja huufikia mlima huo akiwa na miguu mizima kwa sababu wenzake walimkinga kwenye tambarare yote ya barabara ya Tirinyi.