Greda Inayoteleza: Presha Itangulie Spana

Greda ya zamani ikianza kuteleza gia, gereji nyingi hutoa hukumu papo hapo: gia boksi ishushwe, pleti zote za klachi zibadilishwe. Hukumu hiyo imewafilisi wenye mashine wengi, na mara nyingi hutolewa kabla mtu yeyote hajafunga geji ya presha. Nataka kueleza jinsi greda moja ilivyotengenezwa hapa Nakuru kwa kufuata njia nyingine, kwa sababu ninaamini mpangilio wa kazi ile ndio unaostahili kuigwa.

Umuhimu wake unaeleweka kwa yeyote anayeishi ukanda huu. Mvua za masika zikikaribia, kila greda iliyo hai kati ya Naivasha na Mau Summit ina kazi. Barabara za Kuresoi, Molo na Mau Narok hubeba viazi na maziwa, na nyingi kati yake ni za udongo na murramu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, barabara za ngazi ya kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na kazi nyingi za kuzisawazisha hufanywa na wakandarasi wadogo wenye mashine kuukuu. Greda ikilala yadini mwezi wa Machi, mkulima wa Olenguruone ndiye anayeona lori likikwama na mzigo wake.

Mashine yenyewe ni ya kizazi kimoja na Caterpillar 140G: gia sita za mbele, sita za nyuma, powashifti isiyo na toki konvata. Opareta alieleza kwamba asubuhi inavuta vizuri. Kufikia saa tano au sita, ikikata mtaro kwenye mteremko, injini inanguruma lakini mashine inasita. Rivasi haina shida. Fundi mkuu aliyeandika maneno hayo alikuwa ameshapata nusu ya jibu, kwa kuwa yalikuwa na mambo matatu ya kupima: joto, mzigo na upande wa mwendo.

Ubora wa gia boksi isiyo na toki konvata ni kwamba haifichi ugonjwa. Klachi zikishika sawasawa, mzunguko wa injini na wa magurudumu hufungamana kwa uwiano usiobadilika. Mzigo ukizidi, injini ndiyo inayolemewa. Sauti inashuka, na opareta asipoinua bledi au kupunguza gia, inazima. Sauti ikibaki juu huku mashine imesimama, ama magurudumu yanazunguka bure juu ya udongo, ama kuna klachi inayoteleza. Mtu mmoja akisimama pembeni na kuyatazama magurudumu manne ya nyuma, atajua ni lipi.

Kwetu tofauti hii ni muhimu zaidi kwa sababu ya mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko karibu mita 2,500. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, na opareta anaweza kuilaumu gia boksi isiyo na kosa. Injini dhaifu hushusha mzunguko wake. Klachi inayoteleza huuacha mzunguko upande. Anayejua hili hawezi kuchanganya filta ya dizeli iliyoziba na klachi iliyochoka.

Kabla ya kupima chochote, mafundi walihakikisha mambo ya nje yako sawa. Oili iliangaliwa kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Breki ya kuegesha ilikaguliwa kama inaachia kabisa. Pedali ya kushoto, ile ambayo opareta huikanyaga ili mashine isogee polepole, ilichunguzwa kama inarudi hadi mwisho. Pedali hiyo hupunguza presha ya klachi kwa makusudi, kwa hiyo ikikwama hata kidogo, klachi nzima huteleza zikionekana mbovu. Kukagua hayo yote hakugharimu chochote.

Halafu mwendo ulipimwa kwa saa. Tuseme gia ya kwanza inatakiwa kwenda kilomita 4 kwa saa katika mzunguko fulani wa injini. Mita 50 zitachukua sekunde 45. Ukishusha bledi ikachukua sekunde 60 kwa mzunguko uleule, na magurudumu hayazunguki bure, robo ya mwendo inapotelea ndani ya gia boksi. Kipimo hiki kinahitaji futi kamba na saa ya simu tu, na thamani yake ni kwamba kinaweza kurudiwa baada ya matengenezo ili kulinganisha. Greda ile ilipimwa ikiwa baridi, kisha ikapimwa tena baada ya kufanya kazi hadi oili ikapata moto. Baridi haikupoteza kitu. Ikiwa moto ilipoteza katika gia za mbele pekee.

Hapo ramani ya klachi ikafunguliwa. Katika powashifti, gia moja hupatikana kwa kufunga klachi zaidi ya moja kwa pamoja: moja ya upande wa mwendo, nyingine za kasi. Kitabu cha mashine kina jedwali linaloonyesha ni zipi hufanya kazi katika gia gani. Gia zote za mbele na nyuma zikiteleza, mshukiwa ni kitu cha pamoja, kama pampu, chujio la kufyonzea au vali kuu ya presha. Gia mbili zikiteleza na nyingine zikashika, tafuta klachi ambayo hizo mbili zinaitumia pamoja. Hapa za mbele zote ziliteleza na rivasi ikashika kwa pampu ileile. Pampu iliondolewa lawama bila kuguswa, na macho yakaelekezwa kwenye klachi ya mbele na njia ya oili inayoilisha.

Geji ilithibitisha. Presha ya klachi katika mashine za aina hii mara nyingi huwa kati ya psi 200 na 400, na kitabu cha modeli husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Oili ikiwa baridi, klachi ya mbele ilikuwa ndani ya kipimo. Ilipopata moto, presha ya rivasi ilikaa palepale, ya mbele ikashuka sana. Sababu inajulikana: oili ya moto ni nyepesi, hupita kwenye upenyo mdogo ambao oili nzito ya asubuhi ilishindwa kuupita. Kulikuwa na mvujo wa ndani. Filta iliyokatwa ikaonyesha chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haikuzivuta, yaani shaba ya pleti za msuguano. Vipande vya chuma havikuwepo, kwa hiyo gia na beringi zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa salama.

Hapo ndipo gia boksi iliposhushwa, kwa sababu iliyothibitishwa. Bledi ilishushwa chini, magurudumu yakawekewa kabari, na pini ya kufunga kiungo cha fremu ikatiwa ili mashine isijipinde juu ya mtu. Ndani, pleti za shaba zilikuwa zimeng'aa kama kioo, na zile za chuma zilikuwa na mabaka ya buluu yanayoachwa na joto kali. Pengine fundi mwingine angeishia hapo, aagize pleti na kufunga. Lakini pleti zilikuwa zimeungua kwa sababu presha ilikuwa ndogo, na presha ilikuwa ndogo kwa sababu ringi za sili za shafti zilikuwa zimechimba mfereji mahali zinapokaa, na sili ya pistoni ilikuwa imekauka ikawa ngumu. Kuweka pleti mpya juu ya mvujo ule kungekuwa kununua msimu mmoja tu.

Matengenezo yalianzia kwenye mvujo. Sehemu iliyochimbika ilitiwa bushi na kuchongwa kwa mashine ya lathe hadi kipimo cha asili, ringi na sili mpya zikafungwa. Pleti mpya zililowekwa ndani ya oili kabla ya kupangwa, ili zisiungue katika dakika zake za kwanza za kazi. Kabla ya kufunga kifuniko, hewa iliyopunguzwa presha ilipulizwa kwenye njia ya oili. Pistoni ikasogea, na hakukusikika mvumo wa kuvuja. Kipoza oili na mabomba yake vilisafishwa, maana chembe za shaba zikibaki humo hurudi kuua klachi mpya.

Oili nayo ilibadilishwa kwa makini. Klachi hizi zinahitaji oili iliyotengenezwa kwa msuguano wake, na kiwango cha Caterpillar cha TO-4, kilichotolewa mwaka 1991, ndicho kinachotumika sana kwa mashine za namna hii. Uzito wa SAE 30 unafaa kwa hali ya hewa ya Nakuru. Oili yoyote ya injini iliyobaki stoo haifai. Tundu la kupumulia la gia boksi lilisafishwa pia, kwa kuwa vumbi la majivu ya volkeno la bonde letu ni kali kwa sili, na mashine inapopoa jioni huvuta hewa kupitia hapo.

Mwisho, mwendo ulipimwa tena kwa saa, bledi ikiwa chini na oili ikiwa moto, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa mchana. Presha ya mbele na ya rivasi zilikaa pamoja, na sekunde zikalingana na za asubuhi. Filta ilibadilishwa mapema baada ya saa za kwanza za kazi, ikakatwa na kukaguliwa.

Mwenye greda asiye fundi anaweza kuyalinda matumizi yake kwa madai machache tu. Kabla ya kukubali gia boksi ifunguliwe, aombe aandikiwe presha ya kila klachi baridi na moto, gia zinazoteleza na zisizoteleza, na kilichoonekana ndani ya filta. Baada ya kufunguliwa, aulize pleti ziliungua kwa nini, na aione sehemu iliyosababisha. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Karatasi hiyo ikihifadhiwa yadini, matengenezo yatakayofuata yataanzia kwenye ushahidi, na barabara za Molo na Kuresoi zitapata greda zake kabla mvua haijashuka.