Fundi wa Mageti

Kabla moto haujawaka, fundi huyu wa mageti kando ya barabara ya Butimba anakwangua. Grenda inaondoa rangi na kutu kwenye ncha za mabomba ya mraba mpaka chuma king'ae, kisha brashi ya waya inamalizia pembeni. Kutu hukwamisha umeme. Hata mahali pa kubania klempu ya arthi amepakwangua, na akishaibana anaitikisa kuona kama imeshika.

Anapanga mabomba mezani, anaweka skwea, anapima mshazari kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana ndipo anachukua rodi ya milimita 2.5 na kuweka mashine kwenye ampea 80.

"Fundi, si uongeze kidogo iende haraka?" kijana wake anauliza.

"Bomba jembamba hili, mwanangu. Utalitoboa."

Anakwaruza ncha ya rodi mara moja, kama anayewasha kiberiti. Sasa ncha lazima ielee juu ya chuma kwa nafasi isiyozidi unene wa rodi yenyewe: ikigusa inanata, ikiinuka mno moto unakatika. Na kwa kuwa rodi inaliwa muda wote, mkono hauna budi kushuka huku ukisogea. Wake unashuka bila kutikisika. Chini yake kuna kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, upana wa milimita chache, nyuzi joto 1,500 na zaidi, na umeme wote unapita humo. Chuma cha moto kiasi hicho huuzuia umeme zaidi ya mara kumi kuliko kikiwa baridi, lakini njia haikatiki.

Si kila metali huvumilia hivyo. Zebaki, ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, ni metali ya majimaji inayopitisha umeme vizuri. Miaka ya 1960, Wajerumani Hensel na Franck waliipasha ikapita nyuzi 1,400, chini ya mgandamizo unaozidi ule wa hewa zaidi ya mara 1,600. Ikatanuka mpaka ikaacha tabia ya metali.

Fundi hana mita ya kumwonyesha umeme unavyopita kwenye kidimbwi chake. Anasikiliza. Sauti ikiwa kavu na ya mfululizo anaendelea. Ikianza kupasuka-pasuka, anasogeza ncha karibu kidogo.

Ganda lililofunika mshono likipoa analigonga kwa nyundo ya ncha, nalo linabanduka kipande kirefu. Mshono uliobaki una mawimbi madogo, yameachana kwa nafasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Haendelei na kona ya jirani. Anahamia ya mshazari, maana joto huvuta chuma, na geti likipinda komeo haliingii.