Kwaya Isiyovuta Pumzi

Eric Stewart alipowaletea wenzake wa kundi la 10cc wimbo wa "I'm Not in Love", ulikuwa na mdundo wa bossa nova, na Kevin Godley hakuupenda hata kidogo. Waliurekodi, wakausikiliza, wakaufuta. Ungezikwa hapo kama Stewart asingewasikia watu wa studio wakiendelea kuuimba chini chini. Uliporudi mezani, Godley akatoa rai: vyombo viwekwe kando, wimbo ubebwe na sauti za watu.

Ni rahisi kusema. Mwaka 1975 studio yao, Strawberry ya mjini Stockport, ilikuwa na mashine ya kurekodi ya njia 16, na kundi lilikuwa na watu wanne tu. Wanakwaya wa kukodi huishiwa pumzi. Mellotron, kinanda ambacho kila kibonye chake huendesha kipande cha mkanda, huishiwa pia: baada ya sekunde nane hivi mkanda unafika mwisho na mpigaji hana budi kuachia. Lol Creme akapendekeza vitanzi vya mkanda, kwa sababu kitanzi hakina mwisho.

Basi Godley, Creme na Graham Gouldman wakasimama mbele ya maikrofoni kuimba "aa" kwa noti moja, Stewart akiwa kwenye mitambo. Waliirudia noti hiyo hiyo mara 16 hadi njia zote zikajaa. Watu watatu mara 16 ni sauti 48. Zikachanganywa, mkanda ukakatwa, ncha zikaunganishwa, kikapatikana kitanzi cha futi 12 hivi. Hakikuenea kwenye mashine, kwa hiyo kilizungushwa kwenye stendi ya maikrofoni iliyowekwa kando ili kisilegee. Urefu huo ulikuwa na maana yake: mkanda hukwaruza kidogo pale ulipoungwa, na kitanzi kikiwa kifupi mkwaruzo hurudi upesi mno hadi ukageuka mdundo. Walipomaliza noti moja wakahamia ya pili, nusutoni baada ya nusutoni, mpaka ngazi nzima ikatimia. Masikini makoo yao.

Kila noti ikapewa njia yake kwenye mkanda mpya, na hapo miksa ikageuka chombo cha muziki. Ukisukuma juu vitelezi vitatu, noti tatu zinalia pamoja. Ukivibadilisha, mwafaka nao unabadilika. Wote wanne walikaa mezani, kila mmoja na vitelezi vyake, wakifuata kinanda cha Fender Rhodes kilichokwisha kurekodiwa.

Watu hupenda kuhesabu sauti zile, mamia kwa mamia. Mimi naona siri iko kwenye utepe wa gundi uliobandikwa chini ya vitelezi ili visishuke hadi sifuri. Kwa sababu hiyo noti zote za ngazi, hata zisizohusika, zinasikika kwa mbali wimbo mzima. Kinadharia ni vurugu, maana nusutoni zilizopakana hugombana. Zikiwa chini kiasi kile, hazisikiki tena kama noti, zinakuwa kama joto la chumba kilichojaa watu. Na joto hilo ndilo linalomuumbua mwimbaji: yeye anakana kwamba anapenda, huku sauti zinazomzunguka zikikiri kila kitu.

Vingine vilivyowekwa ni vichache: gitaa, kishindo cha sinthesaiza ya Moog badala ya ngoma, na katikati besi ya Gouldman pamoja na mnong'ono wa mwanamke. Huyo alikuwa katibu muhtasi wa studio, aliyeingia kwa sauti ya chini kumwambia Stewart kwamba anaitwa kwenye simu; wakamweka mbele ya maikrofoni.

Wimbo ulizidi dakika sita, ukashika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani. Mwaka 1976 Godley na Creme waliondoka kundini ili kushughulikia Gizmotron, kifaa cha kufungwa kwenye gitaa chenye magurudumu madogo yanayosugua nyuzi, ili noti iendelee kulia kadiri mpigaji atakavyo.